Neno la Kijerumani linalookoa au kuua kwa mkazo tu

Msomaji wa Kiswahili anafahamu fika kwamba 'barabara' ni njia ya magari, na pia ni jambo lililo sawasawa. Herufi ni zile zile. Kinachotenga maana ni shadda. Njia hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ba-ra-BA-ra, ilhali maana ya usahihi hukazwa mapema zaidi, ba-RA-ba-ra.

Wajerumani nao wana mtego wa aina hiyo, ila wao anayenaswa huenda akageuza wokovu kuwa ajali. Neno lenyewe ni kitenzi 'umfahren', kilichoundwa kwa kiambishi 'um' na kitenzi 'fahren', yaani kuendesha gari au kusafiri kwa chombo. Mkazo ukiangukia 'fahren', maana ni kukizunguka kitu ili kukikwepa. Ukiangukia 'um', maana ni kukigonga kitu hata kikaanguka.

Tazama sentensi hizi mbili. 'Ich umfahre den Mann' ni kusema: ninamkwepa mwanamume huyo kwa gari. 'Ich fahre den Mann um' ni kusema: ninamgonga na kumwangusha. Katika sentensi ya pili, 'um' imejitenga na kitenzi na kukaa mwishoni. Msikilizaji hana budi kusubiri neno la mwisho ndipo ajue iwapo mtu yule amesalimika.

Wakati uliopita nao hutofautisha. 'Er hat den Mann umfahren' humaanisha alimkwepa. 'Er hat den Mann umgefahren' humaanisha alimgonga. Silabi moja tu, 'ge', ndiyo inayobeba msiba wote.

Utata halisi huzuka pale kitenzi kinapotanguliwa na kingine kinachoonyesha wajibu. 'Du musst den Mann umfahren' yaweza kuwa 'yakupasa umkwepe' au 'yakupasa umgonge'. Anayesema huondoa utata kwa sauti, lakini karatasi haina sauti. Mwandishi makini hapo hubadilisha kitenzi na kuandika 'Du musst dem Mann ausweichen', ambayo haina maana nyingine ila kumkwepa.

Vitenzi vya namna hii si haba. 'Übersetzen', mkazo ukiwa kwenye 'setzen', ni kutafsiri. Mkazo ukiwa kwenye 'über', ni kuvusha au kuvuka kwa chombo. 'Sie übersetzt den Brief': anatafsiri barua. 'Der Fährmann setzt die Leute über': mwenye kivuko anawavusha watu.

Kwa hivyo, anayejifunza Kijerumani asiridhike kukariri orodha ya maneno na maana zake. Atazame alama ya mkazo katika kamusi, kisha alitunge neno katika sentensi mbili, moja ya wakati uliopo na nyingine ya wakati uliopita. Hapo ndipo kitenzi hudhihirisha kama kiambishi chake hutengana nacho au la, na maana hujulikana bila kubahatisha.