MWENYE MALI HALISI NI NANI?
Mbunge Margaret Hodge na marekebisho ya sheria za kodi na udhamini

Kila chama cha msingi cha ushirika kina daftari la wanachama. Jina la kila mwenye hisa limeandikwa humo, na mwanachama anayetaka kulitazama ana haki ya kufanya hivyo katika ofisi ya chama chake. Jambo hili limezoeleka mno hata umuhimu wake husahaulika. Lakini katika biashara za dunia yako makampuni mengi ambayo mwenye mali hajulikani kabisa, wala mtoza kodi hana njia rahisi ya kumjua. Makala hii inaeleza jinsi mbunge mmoja mwanamke wa Uingereza, Margaret Hodge, alivyoshughulika na tatizo hilo, na sababu za wakulima wa Afrika Mashariki kuwa na haja ya kulifahamu.

Margaret Hodge alizaliwa mjini Cairo, Misri, mwaka 1944, na wazazi wake walihamia Uingereza alipokuwa mtoto. Aliingia Bunge la Makabwela mwaka 1994 kwa tiketi ya chama cha Labour, akiwakilisha jimbo la Barking lililoko mashariki ya London, na alilishikilia jimbo hilo hadi mwaka 2024. Mwaka 2010 wabunge walimchagua kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali. Kamati hiyo ilianzishwa mwaka 1861, na yeye ndiye mwanamke wa kwanza kushika kiti chake.

Kahawa na hesabu zake

Mwezi Novemba 2012 kamati iliwaita wakuu wa makampuni matatu, Starbucks, Amazon na Google, waeleze kwa nini kodi yao ilikuwa ndogo hali mauzo yao yalikuwa makubwa. Habari za Starbucks zinamhusu mkulima wa kahawa moja kwa moja. Tangu mwaka 1998 kampuni hiyo ilikuwa imeuza nchini Uingereza bidhaa zenye thamani ya zaidi ya pauni bilioni 3. Kodi ya mapato iliyolipa kwa muda wote huo ilikuwa pauni milioni 8.6 tu, kwa sababu takriban kila mwaka hesabu zake zilionyesha hasara.

Hasara ilipatikanaje? Kamati iliambiwa kwamba tawi la Uingereza lililipa mrabaha wa asilimia 6 ya mauzo yake kwa kampuni ndugu iliyoko Uholanzi, kwa ajili ya kutumia jina na maarifa ya biashara. Kahawa nayo ilinunuliwa kwa kupitia kampuni ndugu nyingine iliyoko Uswisi, ambayo iliongeza asilimia 20 juu ya bei. Aidha, tawi lililipa riba kwa mikopo iliyotoka ndani ya ukoo huohuo wa makampuni. Kwa njia hizo faida iliondoka mahali kahawa iliponywewa, ikatokea mahali pengine penye kodi nafuu. Yafaa wanachama watambue kwamba mbuni hauoti Uswisi. Thamani iliyoongezwa huko iliongezwa katika vitabu.

Hodge hakudai kwamba sheria ilikuwa imevunjwa. Hoja yake ilikuwa kwamba jambo linaweza kuruhusiwa na sheria na bado likawa si la haki, na kwamba sheria ya namna hiyo yapasa ibadilishwe. Baada ya malalamiko ya umma, Starbucks iliahidi kulipa pauni milioni 20 katika muda wa miaka miwili. Hata hivyo, kodi inayolipwa kwa hiari ya mlipaji si kodi, bali ni zawadi. Kwa hiyo kazi ya kurekebisha sheria ilibaki palepale.

Udhamini hufichaje mali?

Chombo kingine kinachotumika ni udhamini. Kwa asili, udhamini ni jambo jema. Mtu hukabidhi mali yake kwa wadhamini, nao huitunza kwa manufaa ya watu wengine, kama vile watoto yatima, shule au hospitali. Wenyeji wa pwani wanaoujua wakfu wataona mfanano. Kisheria mali huandikwa kwa jina la wadhamini, lakini matunda yake huliwa na wanufaika.

Tatizo huanza hapo majina yanapotengana. Tuseme tajiri anataka kununua jumba London bila kujulikana. Huandikisha kampuni katika visiwa vya ng'ambo, na hisa za kampuni hiyo hukabidhiwa wadhamini, aghalabu mawakili. Katika daftari la ardhi litaonekana jina la kampuni. Katika daftari la kampuni, pengine, majina ya mawakili. Mwenye kufaidi jumba haonekani popote. Mtu huyo ndiye sheria za siku hizi humwita mmiliki manufaa.

Ukubwa wa jambo hili ulidhihirika mwezi Aprili 2016, zilipofichuliwa nyaraka milioni 11.5 za ofisi moja ya mawakili ya Panama. Zaidi ya nusu ya makampuni yaliyotajwa humo yalikuwa yameandikishwa katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza.

Watanzania walikuwa wamekwisha kuonja uchungu wake. Katika biashara ya rada iliyouzwa kwa Tanzania na kampuni ya BAE Systems kwa pauni milioni 28, dola zipatazo milioni 12.4 zililipwa kwa wakala wa biashara hiyo, na sehemu iliyo kubwa ilipitia kampuni iliyoandikishwa katika visiwa hivyohivyo. Desemba 2010 mahakama ya Uingereza iliitoza BAE faini ya pauni 500,000 kwa kosa la kutotunza vitabu vya hesabu ipasavyo, na kampuni ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya wananchi wa Tanzania.

Ushindi wa mwaka 2018 na mipaka yake

Mwaka 2018 Hodge hakuwa waziri wala mwenyekiti wa kamati, na chama chake kilikuwa cha upinzani. Alishirikiana na Andrew Mitchell, mbunge wa chama cha Wahafidhina kilichokuwa kikitawala, wakapeleka pendekezo la kuongeza kifungu katika muswada wa sheria ya vikwazo na fedha haramu. Kifungu kilitaka makoloni ya ng'ambo yaliyobaki chini ya Uingereza yafungue kwa umma madaftari ya wamiliki manufaa. Wabunge wa kutosha wa chama tawala waliunga mkono, na tarehe 1 Mei 2018 serikali, ilipoona itashindwa katika kura, ilikubali.

Utekelezaji haukuwa mwepesi. Visiwa vilipinga vikisema vinaingiliwa katika mambo yao ya ndani, na muda uliokusudiwa ukasogezwa hadi mwisho wa mwaka 2023. Ulipofika, Virgin na Cayman vilikuwa bado havijafungua madaftari yao kwa umma. Kwa upande wa ardhi, sheria ya mwaka 2022 iliyalazimisha makampuni ya nje yenye majumba Uingereza kuandikisha wamiliki manufaa wao; lakini habari za udhamini hazikuwekwa wazi kwa umma, na hilo ndilo tundu ambalo Hodge na wenzake waliendelea kulipigia kelele. Sheria ya mwaka 2023 iliruhusu kuwekwa utaratibu wa watu kuomba kuonyeshwa habari hizo.

Hodge mwenyewe hakusalimika na maswali. Magazeti yaliuliza juu ya kodi ya kampuni ya biashara ya chuma iliyoanzishwa na baba yake, ambayo yeye alikuwa na hisa ndani yake. Alijibu kwamba hisa zake zilikuwa chache na hakuwa na sauti katika uongozi. Maswali hayo yalikuwa ya haki, kwani anayedai uwazi kwa wengine hana budi kuukubali kwake.

Mwaka 2024 aliingia Baraza la Malodi, na Desemba ya mwaka huo serikali ilimteua kuwa mtetezi wake mkuu wa mapambano dhidi ya rushwa.

Funzo kwa vyama vya ushirika

Nchini Tanzania, Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 ilileta wajibu wa makampuni kumpelekea Msajili majina ya wamiliki manufaa wao. Vyama vinavyouza kahawa, pamba au korosho kwa makampuni vinafaa kujua jambo hili. Kabla ya kutia sahihi mkataba, halmashauri ya chama ina haki ya kumtaka mnunuzi aseme ni nani mwenye kampuni hasa. Huenda wanunuzi wawili wanaojifanya washindani katika mnada wakawa mali ya mtu mmoja, na bei ya mkulima ikaumia.

Ndani ya chama pia, daftari la wanachama na vitabu vya hesabu viwe wazi kwa kila mwanachama, wala asionekane mkorofi yule anayeomba kuvisoma. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.