Meza Inavyoisokota Mashine ya Kukereza

Mashine ndogo ya kukereza chuma, ile ya mezani yenye uzito wa kilo 40 hivi, huonekana kitu kigumu kisichopinda. Kitanda chake ni chuma cha kusubu kilichosagwa kiwandani. Lakini kaza bolti kwenye mguu usioikalia meza sawasawa, na kitanda hicho kitajisokota kama kitambaa kinachokamuliwa. Jicho halitaona kitu. Kisu ndicho kitakachosema: chuma ulichotaka kiwe na unene mmoja mwanzo hadi mwisho kitatoka chembamba upande mmoja.

Wengi hudhani kazi yote ni kuilaza mashine kwa usawa wa maji. Sivyo. Meli kubwa zina karakana zenye mashine za kukereza, nazo hufanya kazi sakafu ikiinama huku na huku. Kinachotafutwa ni kitanda kisichosokotwa: reli ya mbele na ya nyuma zilale kwenye bapa moja, kutoka upande wa spindo, yaani mhimili unaozungusha kazi, hadi mwisho. Pima maji hutumika kulinganisha tu. Ikingamishe juu ya kitanda karibu na spindo, tazama kiputo kilipo, kisha ihamishie mwisho bila kuigeuza. Kiputo kinapaswa kukaa palepale. Iwe pima maji ya mafundi mitambo, ambayo alama yake moja huwa ni mwinamo wa milimita 0.02 kwa mita. Ile ya fundi mwashi haiwezi kuuona msokoto tunaousaka.

Meza nayo ina tabia zake. Mvule mnene hupunguza mtikisiko vizuri, ila mbao huvimba masika na kunywea kiangazi, na mashine iliyofungwa juu yake huvutwa pamoja nayo. Fremu ya bomba za mraba haijali mvua, lakini chuma kilichochomelewa huvuta kikipoa, hivyo uso wa juu ni nadra kuwa bapa kweli. Nisingemwamini mchomeleaji yeyote kwa hilo, hata awe hodari vipi. Ndiyo sababu nafasi chini ya miguu lazima ijazwe kwa vibati, meza iwe ya namna yoyote.

Ikalishe mashine bila kukaza chochote, upitishe fila geji, yaani bapa nyembamba za kupimia pengo, chini ya kila mguu. Penye pengo, jaza. Ubavu wa kopo la soda la alumini una unene wa milimita 0.1 hivi na hukatika kwa mkasi, basi usiutupe. Kaza kwanza upande wa spindo, wenye uzito mkubwa. Ukifika upande wa pili, acha pima maji juu ya kitanda unapokaza: kiputo kikihama, bolti inakivuta kitanda kwenye pengo. Legeza, ongeza kibati, kaza tena. Asiye na subira ya hatua hii ni bora aiache mashine yake ndogo juu ya miguu ya mpira iliyokuja nayo. Itatikisika kidogo zaidi, lakini haitasokotwa.

Hukumu ya mwisho hutolewa na kisu. Funga kwenye taya chuma cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 30, kitokeze milimita 130 hivi, bila kukiegemeza kwenye kichwa cha nyuma kilicho mwisho wa pili wa kitanda, maana nacho kinaweza kuwa na upogo wake. Punguza katikati ubakize pete mbili, moja karibu na taya, nyingine mwishoni. Kwa kisu kikali na mkato mwembamba, pitia pete zote mbili bila kugusa gurudumu la kuingiza kisu. Pima kwa maikromita. Tofauti ya milimita 0.01 kati ya pete zilizoachana milimita 100 inatosha kwa kazi nyingi, na kumbuka kwamba kisu chenyewe kimehama nusu tu ya tofauti hiyo.

Pete ya mwisho ikiwa nene, kisu huko kimerudi upande wako. Inua kidogo mguu wa mbele wa upande wa kichwa cha nyuma: kitanda kitaegemea nyuma na kisu kitasogea kwenye kazi. Ikiwa nyembamba, inua mguu wa nyuma wa upande huohuo. Kata tena, pima tena.

Hapa kuna mtego. Kama pima maji inasema kitanda hakijasokotwa na pete bado zinatofautiana, kagua kwanza ukali wa kisu na kama chuma kinanesa. Vikiwa sawa, shaka inahamia kwenye kichwa chenye spindo, ambacho huenda hakikufungwa sambamba na reli. Wapo wanaokisokota kitanda makusudi ili kuficha kosa hilo. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu kipimo hukaa sawa kwenye milimita zile 100 tu na kuharibika kwingineko. Legeza kichwa hicho, kisawazishe, ukifunge upya.

Kichwa cha nyuma kiguswe baada ya yote hayo. Ukikirekebisha mapema utakuwa umekipanga kufuata kitanda kilichopinda. Chuma kile chenye pete mbili kihifadhi kabatini, ukipitishie kisu tena baada ya wiki chache, na kama meza ni ya mbao, kila masika yanapokwisha.