Bledi Moja kwa Kazi Nyingi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua



Fundi anayepaua nyumba Mvara hushika vitu vingi kwa siku moja. Asubuhi anakata mbao mpya za mkaratusi kwa ajili ya kenchi. Saa nne anaambiwa apasue mbao kuukuu zilizokwisha kutumika kumiminia zege, nazo zimejaa misumari. Mchana ni bomba la plastiki, jioni ni fremu ya alumini ya dirisha. Akiwa na bledi ya mbao peke yake, msumari wa kwanza unaing'oa meno.

Ndiyo sababu wakandarasi wengi wanapenda ile bledi ya msumeno wa duara inayokata vitu mchanganyiko. Bledi hiyo ni nzuri, lakini ina mipaka yake. Asiyeijua mipaka hiyo hupoteza fedha, na pengine hupoteza kidole.

Tuanze na meno. Bledi ya kawaida ya mbao ina ncha za kabaidi ya tungsteni zilizochongwa kali sana, na meno yake yameinamia mbele ili yavute mbao. Ukali huo ndio udhaifu wake pia, maana ncha nyembamba ikigonga chuma huvunjika. Bledi ya vitu mchanganyiko hutengenezwa kwa kabaidi inayostahimili kugongwa. Meno yake yameinama kidogo tu, au hata yameelekea nyuma. Katika bledi nyingi za namna hii, jino moja limepunguzwa pembe na linalofuata ni bapa. La kwanza lafungua njia, la pili lasafisha.

Matokeo yake ni kwamba inakata mbao polepole zaidi, na uso wa mbao hautoki laini sana. Basi fundi anayekata mbao mpya kutwa nzima hana haja nayo. Na anunue bledi ya mbao: kwa kipimo cha milimita 185, meno 24 yanafaa kupasua, na meno 40 yanafaa kukatiza. Lakini yule anayekata mbao zenye misumari, au mvule unaotoka Kongo, bledi ngumu itamfaa. Mvule una tabia ya kujitengenezea mawe madogo ndani ya shina, nayo hula makali kama msumari ulivyo. Vumbi lake pia huwasha pua na ngozi, kwa hiyo fundi afunike pua.

Pili, soma namba zilizochapwa juu ya bledi. Ziko tatu ambazo hapana budi kuzilinganisha na mashine yako.

Namba ya kwanza ni upana wa duara. Bledi kubwa kuliko kipimo cha msumeno haiingii ndani ya kinga, na mtu anayeondoa kinga ili iingie anajitafutia ajali.

Ya pili ni tundu la katikati. Tundu la milimita 30 kwenye mhimili wa milimita 20 linahitaji pete yake maalumu. Usifunge kwa kipande cha bati au mpira, maana bledi itayumba.

Ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote: mizunguko kwa dakika. Namba ya bledi lazima ilingane na ya mashine au iizidi. Bledi ya milimita 185 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, jino lake linakwenda zaidi ya kilometa 170 kwa saa. Kwa kukata chuma laini, bledi nyingi hutaka mwendo mdogo kuliko huo. Kwa hiyo kama mashine yako ni ya mbao tu na haina kibadili mwendo, kata misumari ya bahati mbaya, lakini usiifanye mashine ya vyuma.

Bledi isiyo na namba hata moja, ikiuzwa Arua au Koboko kwa bei ya kutupa, iacheni sokoni.

Tatu, tujue isichokata. Haikati zege, tofali wala vigae. Hizo ni kazi za diski ya almasi. Haikati misumari migumu ya kupigilia ukutani wala nondo. Kwa nondo tumia diski yake au msumeno wa mkono.

Tena, wako ndugu zetu wanaofunga bledi yenye meno kwenye grainda. Jambo hili likome. Grainda ndogo huzunguka kiasi cha mara 11,000 kwa dakika, na kinga yake haikutengenezwa kwa meno. Jino likinasa kwenye mbao, mashine huruka nyuma kumwelekea aliyeishika, na mkono hauwahi kuachia.

Nne, kabla ya kukata chuma, futa unga wa mbao ulio ndani ya mashine na chini yake. Cheche moja ikianguka penye unga huweza kufuka kwa saa nyingi, ukaungua moto baada ya mafundi kwenda nyumbani.

Tano, fikiria umeme. West Nile iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024 tu, na viwanja vingi bado vinategemea jenereta ndogo. Bledi nyembamba huchukua nguvu kidogo. Lakini kile kisu cha nyuma kinachozuia mbao kubana kisiwe kinene kuliko njia ya bledi. Waya mrefu na mwembamba nao hupunguza nguvu ya umeme, mota ikapata joto na bledi ikakwama.

Mwisho, ni nani alipe? Mara nyingi kibarua huambiwa aje na bledi yake, naye hununua ya bei ndogo kwa sababu mfuko wake ni mdogo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aweke mitambo iliyo salama, na atoe vifaa vya kinga bila kumtoza mfanyakazi. Sheria ya fidia ya mwaka 2000 nayo inamwajibisha mwajiri kwa mfanyakazi aliyeumia kazini, hata pale anaposema kwamba fundi alikuwa mzembe. Ukiumia, mpe mwajiri taarifa mapema, na afisa kazi wa wilaya ajulishwe.

Basi ndugu, kabla ya kazi kuanza, kaeni pamoja na msimamizi. Mwambieni mnakwenda kukata nini, nanyi mtaje bledi ipi inahitajika. Akiombwa na mtu mmoja anaweza kukataa. Akiombwa na kikosi kizima atasikiliza. Bledi ikivunjika hununuliwa nyingine. Kidole hakina duka.