Mji wa Kale: Urithi Unaotulisha

Mombasa, iliyoitwa Mvita, ilikua juu ya kisiwa kwa sababu ya bandari zake mbili. Majahazi yalitia nanga Bandari ya Kale, mashariki mwa kisiwa. Meli kubwa huingia Kilindini, magharibi. Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka wa 1593 kulinda mlango wa bandari hiyo ya kale, na Waomani wakaiteka 1698. Mwaka wa 1896 reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka hapa.

Leo kisiwa kinategemea bandari na utalii. Fort Jesus imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2011. Kando yake ni Mji wa Kale, wenye milango ya nakshi na roshani za mbao. Mgeni anayekuja kuutazama humwachia riziki mwongozaji, dereva wa tuktuk na muuza viazi karai.

Nyumba ya kale ikibomolewa hairudi, na riziki hiyo hupungua. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Kabla ya kukarabati, kuongeza ghorofa au kubomoa, mwenye nyumba apate kwanza idhini ya kaunti na ushauri wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.