Kulisoma Jicho Kabla ya Kulipaka

Kigubiko cha jicho hupakwa rangi jicho likiwa limefumbwa, lakini watu hukiona jicho likiwa limefumbuliwa. Makosa mengi ya upambaji wa macho yanatokana na tofauti hiyo ndogo. Rangi iliyopangwa kwa uangalifu, tabaka juu ya tabaka, humezwa na mkunjo wa ngozi mara tu mwenye jicho anapotazama mbele. Mstari wa wanja ulionyooka juu ya ngozi iliyovutwa kwa kidole hupinda ngozi inaporudi mahali pake. Ndiyo maana kazi huanza kwa kulitazama jicho lililo wazi, kabla brashi haijaguswa.

Sehemu za jicho

Katika mazungumzo ya kila siku neno kope hubeba maana mbili: ngozi inayofunika jicho, na nywele zinazoota ukingoni mwake. Katika sura hii ngozi hiyo inaitwa kigubiko, na kope ni nywele peke yake. Kigubiko cha juu kimegawanywa na mkunjo. Chini ya mkunjo kuna sehemu inayoteleza juu ya jicho kila linapofumba na kufumbua, na juu yake kuna sehemu inayopanda hadi kwenye mfupa wa nyusi. Kati ya kope na jicho lenyewe kuna ukingo mwembamba wenye unyevu. Hapo ndipo vinapofunguka vitundu vya tezi zinazotoa mafuta ya kuzuia machozi yasikauke upesi. Ngozi ya kigubiko ni miongoni mwa ngozi nyembamba kabisa mwilini, kwa hiyo hukunjika kirahisi, na haipendi kuvutwa wala kusuguliwa kwa nguvu.

Maswali manne mbele ya kioo

Kioo hushikwa usawa wa macho, mtu akiwa ameelekea dirishani mchana. Kikishikwa chini, macho nayo hutazama chini, kigubiko hushuka na umbo linaloonekana si la kweli. Uso hulegezwa pia, kwa kuwa watu wengi huinua nyusi bila kujijua wanapojitazama. Baada ya hapo yapo maswali manne ya kujibiwa.

La kwanza ni kama mkunjo unaonekana wote, nusu, au umefichwa na ngozi ya juu. La pili ni kama weupe wa jicho unaonekana juu au chini ya duara la rangi. La tatu ni kama pembe ya nje iko juu ya pembe ya ndani, chini yake, au sawa nayo. La nne ni umbali kati ya macho mawili. Kipimo chake ni penseli: urefu wa jicho moja huwekewa alama ya kidole, kisha penseli hupelekwa katikati ya macho. Nafasi ikitosha jicho moja, macho yamekaa kwa wastani. Ikiwa ndogo zaidi, yamekaribiana, ikizidi, yameachana.

Mwanga na kivuli

Upambaji wote wa macho umesimama juu ya kanuni moja: rangi nyepesi na inayong'aa huleta kitu mbele, rangi iliyokolea na isiyong'aa hukirudisha nyuma. Mpambaji habadilishi umbo la jicho. Anachofanya ni kuhamisha mwanga na kivuli, na jicho la mtazamaji humalizia kazi. Mtu akishaelewa hivyo hana haja ya kukariri mitindo, kwa maana kila umbo huonyesha lenyewe mahali pa kuweka giza na mahali pa kuacha nuru.

Kila umbo na mahitaji yake

Macho ya umbo la lozi, yenye mkunjo unaoonekana na pembe ya nje iliyoinuka kidogo, hupokea karibu kila mtindo. Wanja ukifuata mashina ya kope toka pembe hadi pembe, kazi imekwisha.

Macho ya mviringo huonyesha weupe juu au chini ya duara. Anayetaka yaonekane marefu huanza wanja mwembamba sana, akaunenepesha kuanzia katikati kwenda nje, na rangi iliyokolea huivutia upande wa pembe ya nje. Mng'aro ukiwekwa katikati ya kigubiko huongeza uviringo, jambo ambalo ni zuri kwa anayeupenda.

Macho makodo, yaani yaliyojitokeza, hutulizwa na rangi isiyong'aa ya kati au iliyokolea, iliyosambazwa kigubiko kizima na kufifia kuelekea juu. Wanja huenda urefu wote wa jicho bila kukatika. Macho yaliyozama ni kinyume chake. Mfupa wa nyusi tayari umeyawekea kivuli, hivyo kigubiko hupewa rangi nyepesi yenye mng'aro mdogo, wanja huwa mwembamba, na rangi ya kivuli hukaa juu kidogo ya mkunjo badala ya ndani yake.

Macho ambayo ngozi ya juu imeshuka na kuuficha mkunjo ndiyo yanayowasumbua wengi. Hapa rangi ya kivuli hupangwa jicho likiwa wazi. Mwenye jicho hutazama mbele moja kwa moja, na kwa ncha ya penseli ya kahawia huwekwa nukta tatu juu kidogo ya pale ngozi inapokunjikia: moja juu ya pembe ya ndani, moja juu ya mboni, moja juu ya pembe ya nje. Akifumba, nukta hizo huonekana zimepanda mno, karibu na nyusi kuliko ilivyotarajiwa. Akifumbua, zinakaa hasa pale ambapo mkunjo ungekuwa. Brashi ikiziunganisha na kuzififisha, jicho hupata kina. Wanja nao uwe mwembamba na usioyeyuka kwa maji, kwa sababu ngozi ya juu huugusa na kuunakili. Macho yasiyo na mkunjo kabisa, kama ya watu wengi wa Asia ya Mashariki, huvikwa rangi kwa ngazi: giza kwenye mashina ya kope, likififia kadiri linavyopanda.

Macho ambayo pembe ya nje imeshuka yana heshima yake katika Kiswahili. Ulegevu huo husifiwa, na mwenye nao huambiwa ana macho kama aliyekula kungu. Kwa hiyo kuyainua ni hiari. Anayetaka kuyainua huuachisha wanja mstari wa asili milimita chache kabla ya pembe na kuupandisha kutoka hapo, huku akiacha sehemu ya nje ya kope za chini bila rangi. Anayetaka kuutunza ulegevu huo huufuata mteremko wa jicho na kuififisha rangi kwa upole nje ya pembe.

Macho yaliyokaribiana huwekewa rangi nyepesi kwenye pembe ya ndani na giza upande wa nje. Yaliyoachana husogezwa kwa kuanza rangi ya kati karibu na pembe ya ndani.

Rangi na ngozi

Waafrika Mashariki wengi wana macho ya kahawia iliyokolea, ambayo hukubaliana na takriban rangi zote. Kinachoamua ni ngozi. Poda nyingi za macho hutengenezwa kwa talki na viungo vingine vyeupe, na juu ya ngozi nyeusi weupe huo hujitokeza kama majivu. Dawa yake ni mbili: tabaka jembamba la konsila linalofanana na ngozi kabla ya poda, na kuchagua rangi zenye uzito, kama shaba, dhahabu, bilinganya, kijani cha chupa au buluu ya nili. Ngozi ya maji ya kunde hupendeza kwa rangi ya asali, matofali na waridi lililokolea. Ngozi nyeupe huzidiwa upesi na rangi nzito, hivyo huanza na kidogo.

Rangi ya kivuli ndiyo inayokosewa zaidi. Kivuli cha kweli ni rangi ya ngozi yenyewe ikiwa imekolea ngazi moja au mbili. Kahawia inayomtosha mtu wa maji ya kunde hupotea kabisa kwenye ngozi nyeusi ti, ambayo huhitaji kahawia iliyokaribia weusi au zambarau iliyoiva.

Utaratibu wa kupaka

Macho hupakwa kabla ya foundesheni ikiwa rangi ni nzito, ili vumbi linaloangukia mashavuni lifutwe bila kuharibu kazi. Konsila hutangulia, kisha poda kidogo ya kuikausha. Brashi pana yenye nywele laini huweka rangi ya kivuli kwa mwendo wa kwenda na kurudi, brashi bapa hukandamiza rangi ya kigubiko, na brashi ndogo hukoleza pembe ya nje. Brashi hukung'utwa kila inapochovywa. Ukingo kati ya rangi mbili hufifishwa mpaka isijulikane moja imeishia wapi.

Kwa wanja, kiwiko huegemea meza na kidole cha mwisho hutulia shavuni. Nukta ndogondogo huwekwa kati ya mashina ya kope, kisha huunganishwa. Mkia wa wanja hupata mwelekeo wake kwa kurefusha mstari wa kigubiko cha chini kuelekea mwisho wa nyusi. Maskara huja mwisho, kuanzia kwenye mashina kwenda juu. Kope bandia hupimwa juu ya jicho na kupunguzwa upande wa nje. Gundi huachwa sekunde chache mpaka inate, ndipo huwekwa.

Nyusi ni fremu ya kazi yote. Penseli ikisimamishwa wima kando ya pua huonyesha zinapoanzia. Ikilazwa toka puani kupitia ukingo wa nje wa duara la jicho huonyesha mahali pa mpindo, na ikipitia pembe ya nje huonyesha zinapoishia. Kutinda kunahitaji kiasi, kwa kuwa nywele zinazong'olewa mara kwa mara mwishowe zinaweza kugoma kuota.

Miwani, umri na joto

Miwani ya mtu asiyeona mbali hufanya macho yake yaonekane madogo, hivyo wanja na maskara huongezwa nguvu. Miwani ya asiyeona karibu huyakuza pamoja na kila kasoro, na hapo rangi hupunguzwa na kufifishwa vizuri zaidi. Kwenye ngozi ya utu uzima mng'aro mkali hujikusanya katika mikunjo na kuitangaza, wakati rangi isiyong'aa huituliza. Katika joto la Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, mafuta na jasho huyeyusha wanja wa penseli kabla ya sherehe kuanza. Penseli ikifunikwa na poda nyeusi kwa brashi nyembamba hudumu zaidi.

Usalama wa jicho

Wanja wa manga umepamba macho ya pwani kwa vizazi vingi, na hata nyusi za watoto wachanga huchorwa kwa wanja. Mapenzi hayo hayapaswi kuficha hatari iliyopo. Jiwe linalosagwa kutengeneza wanja wa aina hiyo mara nyingi ni galena, madini ya risasi na salfa, na baadhi ya sampuli zilizopimwa maabara zimekutwa na risasi zaidi ya nusu ya uzito wake. Risasi huingia mwilini hasa kwa vidole vinavyosugua macho na kupelekwa mdomoni, na hudhuru ubongo wa mtoto unaokua. Marekani hairuhusu wanja wa namna hiyo utumike katika vipodozi. Wanja wa kaboni au oksidi ya chuma uliochanganywa na nta hutoa weusi uleule bila hatari hiyo, mradi kifurushi kionyeshe viungo vyake. Mtoto hana haja ya wanja wowote.

Maambukizi nayo husafiri kwa vifaa. Vikope huenezwa na majimaji ya jicho kupitia vidole na vitambaa, na macho mekundu huenea vivyo hivyo, kwa hiyo brashi ya maskara na penseli ya wanja havishirikishwi, hata kati ya ndugu. Maskara hutupwa baada ya miezi 3, na iliyokauka hailainishwi kwa maji wala mate. Wanja unaopakwa kila siku kwenye ukingo wenye unyevu huziba vitundu vya mafuta, na kitundu kikiziba chokea huwa karibu. Gundi ya kope hujaribiwa ndani ya mkono siku moja kabla. Mwenye kuvaa lenzi huzivaa kabla ya kupaka na kuzivua kabla ya kufuta.

Hakuna rangi inayolala na jicho. Pamba yenye kisafishio au mafuta kidogo ya nazi huwekwa juu ya jicho lililofumbwa na kuachwa sekunde chache mpaka rangi ilegee, kisha huvutwa polepole kuelekea chini, upande unaoelekea kope. Mabaki ya mafuta huoshwa kwa maji na sabuni laini, na kigubiko hukaushwa kwa kuguswaguswa na taulo safi ya mwenyewe.