Fahamu: Kenta ya korosho na sheria ya mizani

Msimu wa korosho ukianza, Kenta na Fuso hupishana usiku na mchana kubeba magunia kutoka vyama vya msingi vya ushirika vya vijijini, kama Chiungutwa wilayani Masasi, hadi maghala makuu.

Wengi hudhani mizani ya barabarani ni ya malori makubwa tu. Sivyo. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa Tanzania Machi 1, 2019, inayagusa magari ya mizigo kuanzia tani 3.5.

Mizani hupima uzito wa jumla na wa kila ekseli. Ekseli ya usukani isizidi tani 8. Ya nyuma yenye tairi nne, tani 10. Kenta ina kikomo cha mtengenezaji kilicho chini ya hapo, nacho kifuatwe.

Gunia la korosho likiwa na kilo 80, magunia 50 ni tani 4, bado dereva, utingo na mafuta. Yakirundikwa nyuma, ekseli inaweza kuzidi hata kama jumla iko sawa.

Majaribio ya barabara huko Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kuwa uzito wa ekseli ukiongezeka maradufu, uharibifu wa barabara hufikia takriban mara 16. Wananchi wa Newala na Masasi wameisubiri lami kwa miaka mingi. Haistahili kuharibiwa hivyo.

Dereva, karani wa chama ameshapima magunia. Mwombe jumla ya kilo kabla hujafunga turubai.