Sigara Walipewa, Tiba Itafutwe na Nani?

Juma hili naomba twende Marekani, kwa askari waliokwisha vua magwanda. Saratani ya mapafu inawaandama, na sababu moja haina fumbo. Hadi mwaka 1975 jeshi lao lilikuwa likiwatilia sigara ndani ya pakiti ya chakula cha vitani, pamoja na biskuti na nyama ya kopo. Wapo pia waliopulizwa sumu ya kuua majani kule Vietnam, na waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka Iraki na Afghanistan. Sheria iliyotiwa saini Agosti 2022 inakubali kwamba saratani ya njia ya hewa kwa hawa wa moshi ihesabiwe imetokana na utumishi. Anayesema walijitakia wenyewe, mimi simwelewi.

Lakini fidia haitibu. Tiba inahitaji watafiti, na mtafiti kijana ana kikwazo chake. Akiomba fedha huulizwa: una matokeo gani ya awali? Matokeo hana, kwa kuwa fedha hana. Kule kwao, anayepata ruzuku kubwa ya kwanza ya taasisi za taifa za afya kwa wastani amekwisha pita miaka 40. Wengi hawangoji. Huenda kutibu katika hospitali zinazolipa vizuri, wala siwalaumu. Wana watoto wa kusomesha.

Ndiyo maana zikawekwa ruzuku za watafiti chipukizi. Kikubwa zinachonunua ni muda: daktari hulipwa sehemu ya mshahara, huachiwa siku za kukaa maabarani, na huwekwa chini ya mwalimu mzoefu. Wizara inayohudumia askari wastaafu inazo. Wizara ya Ulinzi nayo, kwa agizo la Bunge, ilianza mpango wa utafiti wa saratani ya mapafu mwaka 2009 kwa dola milioni 20.

Kijana akishapata muda huo, kazi anaikuta. Askari wastaafu zaidi ya milioni moja wamejitolea damu na habari za afya zao, katika mradi ulioanza mwaka 2011. Mwaka huohuo uchunguzi mkubwa ulionyesha kuwa kuwapiga wavutaji wakubwa picha ya kifua kwa mashine ya CT yenye mionzi kidogo hupunguza vifo vya saratani hiyo kwa asilimia 20. Hata hivyo wengi wanaostahili kipimo hawakipati. Ni umbali? Ni hofu? Ni daktari kutowaambia? Hilo nalo ni swali la utafiti.

Machi 2025 fedha za utafiti wa magonjwa yote unaopitia Wizara ya Ulinzi zilikatwa, kutoka karibu dola bilioni 1.5 hadi milioni 650. Profesa mwenye jina atapata pa kujishikiza. Aliye mwaka wa pili maabarani atapigiwa simu na hospitali ya binafsi, naye ataipokea.